Je, Wajua? Kioo cha Mlango Kimegoma, Loki Haijibu

Je, wajua kwamba mota inayopandisha kioo cha mlango wa gari ndiyo hiyo hiyo inayokishusha, na haina gia ya kurudi nyuma? Ina nyaya mbili tu. Ukibonyeza swichi kupandisha, waya mmoja unapata moto na wa pili unakwenda bodi, yaani upande hasi. Ukibonyeza kushusha, nyaya hizo zinabadilishana kazi na mota inazunguka kinyume. Ndiyo maana kioo kinachoshuka vizuri kisha kikagoma kupanda, kimya kabisa, bila hata mlio, mara nyingi hakidai mota mpya. Mota imekwisha kuonyesha kwamba inazunguka. Wa kutiliwa shaka ni swichi, ambayo ina ncha za shaba tofauti kwa kila upande. Za upande mmoja zinaweza kuungua na za upande wa pili zikabaki nzima. Fedha nyingi za wenye magari hupotea hapo hapo, kwa kununua mota ambayo haikuwa na kosa.

Rubona iko kilomita chache kusini mwa mji wa Gisenyi, barabara ikifuata ukingo wa Ziwa Kivu, na ndipo penye kiwanda cha bia cha Bralirwa, bandari ndogo na chemchemi za maji moto. Ni mahali pazuri pa kuishi na pagumu kwa mlango wa gari. Mvua ni nyingi, vumbi ni la mawe ya volkano, na magari mengi yamefika hapa yakiwa yamekwisha tumika miaka mingi Ulaya, Marekani au Ghuba. Yote hayo hukutana ndani ya bati la mlango, mahali penye mota ya kioo, loki, spika na nyaya zake.

Je, wajua kwamba mlango wa gari haukuundwa kuzuia maji? Umeundwa kuyapokea na kuyatoa. Maji yanayoteremka kwenye kioo hupenya kwenye mpira wa ukingo, huingia ndani ya mlango na kutokea kwenye vitundu vilivyo chini kabisa ya bati. Vitundu hivyo vikizibwa na matope, maji hubaki ndani, mota na loki zinaanza kupata kutu, na mwenye gari hasikii kitu mpaka siku anapofunga mlango akasikia maji yakicheza humo. Vizibue kwa kijiti kabla ya mvua za itumba kuanza mwezi Machi, na tena kabla ya mvua za umuhindo mwezi Septemba. Kazi hiyo haigharimu hata faranga moja.

Nyuma ya ubao wa ndani wa mlango kuna karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwa gundi. Wengi hudhani ni takataka ya kiwandani. Hiyo ndiyo inayozuia yale maji yasiingie ndani ya gari na kulowesha swichi na zulia. Fundi akiichana na kuitupa, umeondoka gereji na ugonjwa mpya. Simama pale, mwombe airudishe, na gundi ikiwa imekauka aweke nyingine.

Vumbi la eneo hili lina tabia yake. Gisenyi na Goma ya ng'ambo ya mpaka zimelala chini ya Nyiragongo, mlima ambao lava yake ya Januari 2002 ilipita katikati ya Goma mpaka ziwani, na uliolipuka tena tarehe 22 Mei 2021. Mawe ya lava yakisagwa na magurudumu huwa vumbi gumu, lenye ncha kali. Likiingia kwenye mpira ambamo kioo hupita, linakwaruza kioo na kukibana. Majivu ya volkano yakikauka hayapitishi umeme kwa urahisi, yakilowa, yanapitisha. Kwa hiyo swichi iliyojaa vumbi inaweza kukaa salama kiangazi chote na kuanza visa siku ya mvua ya kwanza.

Je, wajua kwamba kioo kizito kinaua mota? Mota huvuta ampea kadhaa tu kioo kikiwa huru, lakini hukaza na kuvuta mara mbili tatu zaidi kioo kikibanwa. Joto hupanda. Mota nyingi zina kinga ndani inayokata umeme zikipata moto sana, kisha hurudi zenyewe baada ya dakika chache. Kioo kinachokufa katikati ya safari na kufufuka ukishafika hakina pepo, kimebanwa. Osha ile mipira kwa kitambaa chenye maji na sabuni, ikauke, kisha pulizia dawa ya silikoni. Usipake mafuta ya injini wala grisi. Mafuta hayo huuvimbisha mpira, na kioo kitakuwa kizito kuliko kilivyokuwa mwanzo.

Sasa jambo ambalo ningependa kila mwenye Toyota katika wilaya yetu nzima ya Rubavu alijue.

Mwezi Oktoba 2012 Toyota ilitangaza kuita magari karibu milioni 7.43 duniani kote kwa sababu ya kitu kimoja: swichi kubwa ya vioo iliyo kwenye mlango wa dereva. Grisi iliyopakwa ndani yake kiwandani haikuwa imeenea sawasawa. Swichi ilianza kukwaruza, kukwama, kisha kupata joto. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 2015, ikaita mengine milioni 6.5 kwa kasoro ya swichi hiyo hiyo, magari yaliyotengenezwa kati ya 2005 na 2010. Katika orodha hizo kulikuwa na Corolla, RAV4, Camry, na Yaris ambayo sisi tunaijua pia kwa jina la Vitz. Yaani magari yale yale yanayopita mbele ya nyumba zetu.

Na hapa ndipo penye hatari. Dawa ya kiwanda ilikuwa kufungua swichi, kuikagua na kupaka grisi maalumu yenye florini. Kampuni ilionya wazi kwamba mtu akipuliza mafuta ya kawaida ya dukani kwenye swichi iliyoanza kukwama, swichi inaweza kuyeyuka na kutoa moshi. Lakini kupuliza mafuta ndilo jambo la kwanza tunalofanya! Kopo linatoka kwenye buti, matone mawili matatu yanaingia kwenye pengo la swichi, kioo kinapanda, kila mtu anafurahi. Ndani, yale mafuta yamekusanya unga wa shaba uliosagika na kuutandaza kati ya ncha zenye moto na zisizo na moto. Umeme unapata njia mpya ya kupita, polepole, hata usipogusa kitu. Ukisikia harufu ya plastiki inayoungua kutoka kwenye mlango wa dereva, zima gari, toka, na uchomoe betri. Swichi iliyofika hapo haisafishwi, inabadilishwa. Gari lako likiwa lilitoka Marekani au Ulaya, namba yake ya chesisi yenye tarakimu na herufi 17 inatosha kuulizia kama liliitwa na kama lilitengenezwa.

Swichi isiyo na kasoro hiyo, iliyochafuka tu, husafishwa kwa dawa ya kusafishia umeme inayokauka bila kuacha mafuta. Betri iwe imechomolewa, na swichi iwe mkononi, si mlangoni.

Je, wajua kwamba swichi ya abiria inaweza kufa kwa kosa la swichi ya dereva? Katika magari mengi ya Kijapani ya mfumo wa zamani, mota ya abiria hupata bodi yake kupitia swichi ya dereva, hata wakati dereva hajaigusa. Abiria akibonyeza swichi yake, moto unakwenda kwenye mota, lakini ili mzunguko ukamilike lazima umeme urudi kupitia zile ncha za upande wa dereva. Zikichafuka, kioo cha abiria kinalala, na fundi asiyejua hilo atavua mlango wa abiria, atabadilisha swichi yake, atabadilisha mota, na kioo kitabaki pale pale. Kabla ya kuvua chochote, bonyeza kile kitufe cha kufungia vioo vya abiria mara kadhaa, ukiingize na kukitoa. Wakati mwingine mtoto alikibonyeza, na ugonjwa wote ni huo.

Swali moja hupunguza kazi kwa nusu: ni mlango mmoja au yote? Milango yote ikinyamaza kwa pamoja, usivue mlango hata mmoja. Angalia fyuzi, rilei, waya wa bodi na swichi ya dereva. Mlango mmoja ukinyamaza peke yake, fyuzi ya pamoja haina hatia katika magari mengi, na kazi iko ndani ya mlango huo au kwenye bawaba zake.

Swali la pili linaulizwa kwa sikio. Zima redio, funga milango, bonyeza. Ukisikia mota inavuma lakini kioo hakisogei, umeme umefika. Kilichokatika ni regulata, yaani kamba ya chuma na kapi zake zinazobeba kioo. Ukisikia mlio mdogo wa “tak” peke yake, rilei inafanya kazi, na umeme unaishia njiani au mota imekwama. Ukiona taa ya ndani inafifia kila unapobonyeza, mota inavuta umeme lakini haizunguki. Kimya kitupu ndicho kinachohitaji taa ya kupimia, nitakayoieleza hapa chini.

Kuna ujanja wa kuokoa jioni yenye mvua. Mtu mmoja abonyeze swichi ya kupandisha, mwingine apige ubao wa mlango kwa kiganja, usawa wa mota. Kioo kikishtuka na kupanda, vijiti vya kaboni ndani ya mota vimekwisha na mtikisiko umevigusisha. Kiache juu, usikishushe tena mpaka umepata mota.

Nyaya za mlangoni hufa kwenye bawaba. Kati ya mlango na nguzo ya gari kuna bomba la mpira lenye mikunjo, na ndani yake hupita nyaya zote za mlango huo. Kila unapofungua na kufunga, zinakunjwa mahali pale pale. Mlango wa dereva, unaofunguliwa kuliko mingine yote, ndio unaotangulia. Shaba inachoka, inakatika ndani ya ganda lake, na kwa nje waya unaonekana mzima. Dalili yake haifichiki ukiijua: kioo, loki, spika na kioo cha kutazamia nyuma vya mlango mmoja vinaleta matatizo kwa pamoja, au vinafanya kazi mlango ukiwa wazi na kukataa ukifungwa. Vuta bomba la mpira taratibu na uvute waya mmoja mmoja. Uliokatika hurefuka kama lastiki, kwa sababu kilichobaki ni ganda tu. Ukiunga, tumia waya laini wenye nyuzi nyingi, ulehemu au ubane kwa kiungio, na uweke kiungo mbali na mkunjo. Kuviringisha waya na kuufunga kwa utepe wa gundi mahali panapokunjwa ni kujipangia kazi ile ile baada ya miezi michache.

Je, wajua kwamba mita ya umeme inaweza kukudanganya, na balbu ya breki isikudanganye?

Hili linastahili nafasi. Chukua waya uliokatika nyuzi zote isipokuwa moja. Ukiupima kwa mita ya kidijitali, mita itasoma volti 12 kamili, kwa sababu mita yenyewe haivuti karibu umeme wowote, na uzi mmoja unatosha kuipelekea habari. Fundi anasema moto upo, mota imekufa. Lakini mota inataka ampea 10, na uzi mmoja hauwezi kuzibeba. Hesabu yake ni nyepesi. Kutu au waya uliochoka wenye ukinzani wa nusu omu tu, ukipitisha ampea 10, unakula volti 5. Betri ina 12, mota inapata 7, na mota ya volti 12 ikipewa 7 haina nguvu ya kupandisha kioo kilichobanwa na vumbi.

Balbu ya breki ya wati 21 huvuta karibu ampea 1.75. Ichomelee nyaya mbili, ichomeke kwenye soketi ya mota badala ya mota yenyewe, kisha mwambie mtu abonyeze swichi. Ikiwaka kwa nguvu pande zote mbili, kupanda na kushuka, nyaya na swichi ziko salama na mota ndiyo mgonjwa. Ikiwaka hafifu, kuna kutu au waya uliobaki nyuzi chache. Ikiwaka upande mmoja tu, rudi kwenye swichi. Kifaa hiki hutengenezwa kwa balbu na nyaya za zamani, na kwa kazi ya vioo nakiamini kuliko mita. Lakini kisitumike kwenye nyaya nyembamba za kompyuta ya gari, kwa sababu ampea 1.75 ni nyingi kwa vitu hivyo, na kisisogezwe kabisa karibu na nyaya za mfuko wa hewa.

Nyaya za mfuko wa hewa hutambulika kwa soketi za manjano. Magari yenye mifuko ya pembeni huwa na vitambuzi vyake hata ndani ya milango. Toyota huagiza mafundi wake wachomoe waya hasi wa betri na kusubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa mfumo huo, kwa sababu umeme uliohifadhiwa ndani yake unaweza bado kuulipua.

Vioo vinapanda haraka zaidi injini ikiwaka. Betri nzima iliyopumzika huwa na volti 12.6, injini ikiwaka, jenereta huipandisha mpaka kati ya 13.8 na 14.4. Kioo kinachopanda injini ikinguruma na kugoma ikizimwa kinakueleza habari za betri, au za kutu kwenye vichwa vyake, kabla ya habari za mlango.

Fyuzi iliyokatika ina sababu. Ukiweka mpya ikakatika tena papo hapo, kuna waya unaogusa bodi. Kuweka kipande cha karatasi ya sigara au fyuzi ya ampea 40 mahali pa 30 maana yake ni kwamba safari ijayo kitakachoungua ni waya, nyuma ya dashibodi, ambako huuoni.

Na maji ya mafuriko? Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua kubwa ilifurisha mto Sebeya unaoshuka kuja Ziwa Kivu. Watu zaidi ya 130 walikufa katika magharibi na kaskazini mwa Rwanda, na Rubavu iliumia sana. Gari lililozama maji ya matope linaweza kuwaka wiki hiyo hiyo na kuonekana zima. Tatizo la vioo na loki hujitokeza baadaye, soketi zinapoota kutu ya kijani. Ukinunua gari lililotumika, vua mpira wa mlango na utazame ndani ya soketi moja ya sakafuni. Rangi hiyo ya kijani haifutiki kwa kuoshwa.

Je, wajua kwamba spea ya Kampala au Dar es Salaam inaweza kuwa mpya, halali, ya gari lile lile, na isikufae? Rwanda huendesha upande wa kulia, na tangu 2005 ilizuia kuingiza magari madogo ya usukani wa kulia. Tanzania, Kenya na Uganda huendesha kushoto, na soko lao limejaa spea za magari ya Japani. Swichi ya dereva ya gari la usukani wa kulia imepindwa kwa mlango wa kulia na nyaya zake zimepangwa kinyume. Wengi wanalijua hilo. Wasilolijua ni la mota. Katika magari mengi, mota ya dereva ina kompyuta ndogo inayoruhusu kioo kupanda chenyewe kwa mguso mmoja, na ina soketi ya pini nyingi. Ya abiria ina pini mbili. Mota ya mbele kushoto ya gari la Dar es Salaam ni ya abiria. Ya mbele kushoto ya gari la Rubona ni ya dereva. Umbo ni moja, kazi ni mbili. Goma, hatua chache tu kuvuka mpaka, magari ya usukani wa kulia ni mengi ingawa barabara ni ya upande wa kulia, kwa hiyo hata spea ya karibu hivyo ihesabie pini zake kabla ya kulipa. Wanaofika Kigali hutafuta spea Gatsata, na ni busara kwenda na mota ya zamani mkononi.

Ukishachomoa betri na kuirudisha, kioo cha mguso mmoja kinaweza kusahau ustadi wake. Hakijaharibika. Kipandishe mpaka juu kabisa na uendelee kushikilia swichi kwa sekunde chache; kompyuta itajifunza upya mwisho wa njia. Na vioo vikiendelea kufanya kazi kwa muda baada ya kuzima gari, mpaka ufungue mlango, ndivyo vilivyopangwa.

Mengine kwa haraka. Packard ya Marekani ilikuwa na vioo vinavyojipandisha mwaka 1940, kwa nguvu ya mafuta yaliyosukumwa na pampu ya umeme. Chrysler Imperial ya 1951 ilikuwa na mota za umeme mtupu mlangoni. Loki za umeme ni za zamani zaidi: Scripps-Booth ya Detroit ilikuwa nazo 1914. Rimoti ya kufungulia milango ilikuja na Renault Fuego mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wanaozungumza Kifaransa bado huiita “plip”, kutokana na jina la mvumbuzi wake, Paul Lipschutz. Gari la umeme nalo kwa kawaida lina betri ndogo ya volti 12 kwa ajili ya vioo na loki. Ikifa hiyo, betri kubwa iliyojaa haikusaidii kufungua mlango.

Tuje kwenye loki. Ndani ya kila loki ya umeme kuna kimota kidogo, aina ile ile inayoendesha vitu vya kuchezea watoto, na gia za plastiki. Kikichoka, loki inafanya kazi asubuhi ya baridi na kukataa mchana wa jua, au inapanda nusu na kurudi. Mara nyingi nyumba ya loki hufunguliwa, kimota peke yake kikabadilishwa, na loki ikarudi kazini kwa bei ndogo sana kuliko loki nzima. Fundi mvumilivu wa kazi hiyo ni wa kuthaminiwa.

Loki zinazojifunga na kujifungua zenyewe, “tak-tak-tak”, ukiwa umeketi tu? Ndani ya loki mna swichi ndogo inayoiambia kompyuta kama mlango umefungwa. Ikilowa au kuchafuka, inatoa habari za uongo, na kompyuta inazitii. Katika magari mengi swichi hiyo ndiyo pia inayoacha taa ya ndani ikiwaka usiku kucha na kuimaliza betri.

Mlango wa nyuma usiofunguka kwa ndani, lakini kwa nje unafunguka vizuri, hauna hitilafu ya umeme. Fungua mlango huo, tazama ukingo wake karibu na loki: kuna kiwiko kidogo cha kulinda watoto. Kishushe au kipandishe.

Baadhi ya magari ya Ulaya, ukiyafunga kwa rimoti, hata vishikio vya ndani havifungui. Imewekwa hivyo kuwazuia wezi. Usimwache mtu ndani na kumfungia, hata kwa dakika mbili, na mtoto usimwache kabisa.

Rimoti za magari ya Ulaya kwa kawaida hutumia megahezi 433.92. Za Marekani na Japani, karibu 315. Rwanda ina magari ya Ulaya na ya Marekani, kwa hiyo rimoti inayofanana kwa sura na yako inaweza isisikilizane na gari lako hata kidogo. Kabla ya kuilaumu, badilisha betri yake ya duara ya volti 3; mara nyingi ni CR2032 au CR2016, na zinatofautiana unene. Rimoti ikiwa dhaifu, ishikie chini ya kidevu ukibonyeza. Mwili wa binadamu unasaidia kurusha mawimbi, na umbali unaongezeka.

Zamani swichi nyingi zilipandisha kioo kwa kubonyezwa chini. Mtoto aliyechungulia dirishani huku amepiga goti juu ya swichi alijinyonga mwenyewe. Kwa sababu ya vifo hivyo, kanuni namba 118 ya usalama wa magari ya Marekani ilirekebishwa, na leo swichi za huko lazima zivutwe ili kioo kipande. Gari lako likiwa na swichi za kubonyeza, kitufe cha kufungia vioo vya abiria kina kazi kila safari yenye watoto. Na usitegemee kwamba kioo kitarudi chenyewe kikigusa mkono: mwezi Septemba 2022 hata Tesla ilirekebisha programu ya magari milioni 1.1 kwa sababu vioo havikuwa vikirudi ipasavyo.

La mwisho ni la wanaoendesha kando ya maji. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, amezamisha magari mara nyingi kwa utafiti, watu wakiwa ndani. Alichogundua ni kwamba gari likitumbukia majini una takriban dakika moja ya kutoka. Vioo vya umeme kwa kawaida bado vinafanya kazi gari linapoelea, lakini maji yakipanda juu ya ukingo wa mlango, shinikizo lake hukibana kioo na mota haikiwezi. Kwa hiyo usipige simu na usifungue mlango, maana maji yataingia kwa kishindo na gari litazama upesi. Fungua mkanda, shusha kioo, toa watoto kwanza, kisha utoke.

Kioo kikigoma, kivunje, ikiwa ni cha kuvunjika. Kioo cha pembeni kilichopikwa kwa joto hupasuka vipande vidogo kikigongwa na ncha kali. Kilichobandikwa tabaka mbili hakivunjiki: mwaka 2019 chama cha madereva cha AAA cha Marekani kilijaribu vifaa sita vya kuvunjia, vinne vikavunja kioo cha aina ya kwanza, na hakuna hata kimoja kilichovunja cha aina ya pili. Aina ya kioo mara nyingi imechapwa kwenye pembe ya chini ya kioo chenyewe, kwa herufi ndogo: TEMPERED ni cha kuvunjika, LAMINATED si cha kuvunjika. Magari mengine yana aina moja mbele na nyingine nyuma, kwa hiyo soma pembe za milango yote minne, na nyundo ya kuvunjia iwekwe karibu na ule unaovunjika.